Kibandiko Ndani ya Eda

Saa sita na dakika thelathini na tano mchana, siku ya kumi na tisa ya eda, kibandiko kilibanduka mkononi mwa Bi Huwaida kikaelea juu ya maji ya birika lililojengwa chooni. Kilikuwa kipande cha mraba, chembamba, chenye rangi ya ngozi isiyo yake. Mmoja wa samaki watatu wadogo waliofugwa humo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu alipanda juu, akakigusa kwa mdomo, akageuka akarudi chini haraka. Huwaida alikichota kwa kata, akakikung'uta, akakibandika tena chini ya kiwiko. Hakikushika.

Mlango wa choo uligongwa.

"Wifi, uko salama? Au umezama, nikamwite mpiga mbizi?"

"Natia udhu, wifi."

"Udhu huo wamtosha imamu na safu nzima nyuma yake. Toka, nami nina haja."

Huwaida alikikunja kibandiko ndani ya karatasi yake, akakificha kifuani chini ya kanga, akatoka. Bi Nana, dada wa marehemu mumewe, alimpita bila kumtazama. Lakini pua yake ilivuta hewa ya choo mara mbili, kama afanyavyo mtu anayepima samaki sokoni. Hapakuwa na kitu cha kunusa. Kwa siku kumi na sita mfululizo hapakuwa na kitu cha kunusa, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza Huwaida.

Miaka kumi na saba alivuta sigara ndani ya nyumba ile na hakuna aliyejua ila Muhdhar, mumewe. Siri hiyo ilishikiliwa na mambo mawili tu. La kwanza lilikuwa manukato: udi asubuhi na jioni, asumini kwenye nywele, mafuta mazuri nyuma ya masikio, mambo ambayo kwa mke wa mtu katika mji wa Lamu hayahitaji maelezo. La pili alikuwa Muhdhar mwenyewe, aliyevuta waziwazi barazani mbele ya wapita njia. Harufu ya moshi katika nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Kisha Muhdhar akaanguka msikitini baada ya sala ya alasiri, moyo ukasimama kabla hajafikishwa hospitali, na mambo yote mawili yakaondoka siku moja. Mjane aliye edani hajifukizi, hajipaki mafuta yenye harufu, hatii wanja wala hina. Hatoki nje ila kwa dharura. Na huko kwao haachwi kulala peke yake. Ndiyo maana Bi Nana, mwenye umri wa miaka sitini na moja na usingizi mwepesi, alileta godoro lake siku ile ile ya mazishi akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha wifi yake.

Siku ya tatu Bi Nana alizitoa sadaka nguo za marehemu. Koti la kijivu liliondoka na pakiti yenye sigara kumi na nne mfukoni, Huwaida akilitazama kutoka juu ya ngazi. Ilibaki sigara moja, aliyokuwa ameiweka nyuma ya sahani ya buluu katika kidaka cha juu ukutani, siku moja kabla ya kifo. Kila asubuhi aliifuta ile sahani vumbi. Sigara hakuigusa. Ingemchukua dakika sita kuivuta, na harufu yake ingekaa chumbani siku nzima ikitafuta mwenyewe.

Hofu yake haikuwa ya kusemwa tu. Katika ukumbi wa chini Huwaida alisomesha Kurani wasichana ishirini na sita. Nyumba ilikuwa wakfu wa ukoo wa Muhdhar, na msimamizi wake, tangu baba yao alipofariki, alikuwa Bi Nana. Kijana akivuta sigara Lamu huambiwa aache. Mwanamke akivuta, huulizwa nani alimlea. Mwalimu wa chuo cha Kurani akivuta hakuna anayemuuliza kitu. Watoto hawaji tena, basi. Huwaida hakujaliwa mtoto wake. Wale ishirini na sita ndio waliomfanya aamke.

Siku ya kumi na tatu alimwita Israa, binti ya kaka yake, aliyekuwa mfamasia katika duka la dawa karibu na gati. Bi Nana alikuwa jikoni akigombana na mpishi wa kuazima. Huwaida alisema jambo lake kwa sentensi moja, macho kwenye mkeka. Alitarajia kilio au kimya. Israa aliuliza, "Ngapi kwa siku?"

"Kumi na moja."

"Na ya kwanza, baada ya muda gani tangu uamke?"

"Nikishasali. Kabla ya chai."

Israa alihesabu kitu kichwani. "Kuna vibandiko. Vinapitisha nikotini kwenye ngozi kidogo kidogo, mwili usidai sigara. Vikali wiki sita, vya wastani wiki mbili, vidogo wiki mbili. Nitaagiza Mombasa. Mwishoni mwa wiki vitakuwa hapa."

"Hukushangaa?"

"Nimeshangaa, shangazi. Nitashangaa vizuri nikifika nyumbani."

Siku hiyo ya kumi na tisa, kibandiko cha tatu kikiwa kimeharibika, Israa alikuja alasiri na bahasha ya vidonge vya kuongeza damu aliyosingizia ndiyo iliyomleta. Huwaida alimpandishia mkono wa gauni.

"Kwa nini hapa? Nilisema begani."

"Kila jioni Bi Nana ananikanda mabega. Anaona mgongo wangu kuliko ninavyouona mimi. Mkono ndio hauoni, mikono ya nguo zangu ni mirefu."

"Na udhu?"

"Nakibandua. Maji sharti yafike kwenye ngozi."

"Mara tano kwa siku unakibandua na kukirudisha?"

"Mara sita. Na sala ya dhuha."

Israa alifunga macho kidogo. "Basi hukuvaa dawa, shangazi. Umevaa stempu." Akamwelekeza kwa kidole pahali pengine: juu ya nyonga, upande wa nje, pasipofikiwa na maji ya udhu wala mikono ya wifi. "Leo hapa, kesho upande wa pili. Saa ishirini na nne. Ukiota ndoto kali usiku, kibandue unapolala, ni kawaida yake. Na wakati umekivaa usiguse tumbaku ya aina yoyote. Umenisikia? Ya aina yoyote."

"Nitaipata wapi tumbaku mimi, humu?"

Dawa ilifanya kazi yake. Hamu haikuondoka, ilihamia chumba cha pili, ikawa inasikika ukutani bila kuingia. Mikono iliacha kutetemeka anapofungua msahafu. Kilichobaki kigumu ni saa zenyewe: saa baada ya alfajiri, saa ya chai, saa ya jua kushuka, zile kumi na moja ambazo kwa miaka kumi na saba zilikuwa milango midogo ya kutokea, na sasa zote zilikuwa ukuta. Nyumba ilikuwa na ghorofa mbili, madirisha ya ndani yanayotazama ua, na mlango mmoja wa mbao wenye komeo la chuma. Huwaida aliijua idadi ya vidato vya ngazi, kumi na tisa, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Na ndoto zikaja. Usiku wa nne wa kukivaa nyongani alimwona Muhdhar amesimama kizingitini, shati jeupe, ndevu zimechanwa, wazi kama mtu wa mchana. Alinyoosha mkono uliofumbwa, akaufungua. Ndani mlikuwa na sigara moja. Huwaida aliipokea wakatazamana, na akaamka akiwa na furaha iliyomchoma. Alikumbuka alichoambiwa na Israa. Alijua kwamba kilichomleta Muhdhar ni kipande cha plastiki nyongani. Usiku uliofuata alikiacha pale pale.

"Unazungumza usingizini," Bi Nana alimwambia asubuhi. "Jana ulicheka."

"Nilimwota Muhdhar."

Bi Nana aliacha kukung'uta shuka. "Alisemaje?"

"Hakusema. Alinipa kitu mkononi."

"Kitu gani?"

"Sikukiona vizuri."

Bi Nana akaendelea kukung'uta shuka, polepole.

Alhamisi ya siku ya thelathini na moja, wanawake walikuja kumsomea marehemu. Baada ya dua Bi Nana aliweka katikati kijamanda chake cha tambuu, kile kisanduku cha shaba alichorithi kwa mama yake, akaanza kutengeneza: jani, chokaa, popoo iliyokatwa, kipande cha tumbaku. Hakuna aliyemwona mwanamke anayetafuna tambuu kuwa amefanya jambo la aibu. Bi Nana alitafuna tumbaku tangu alipoolewa, mbele ya kadhi na mbele ya wakwe, na midomo yake ilikuwa myekundu ya heshima. Tambuu ya kwanza aliikunja vizuri akamnyooshea mjane.

"Mwanamke hali siku ya tatu hii. Tafuna, ikuchangamshe."

Macho manane yalikuwa juu yake. Kumrudishia mkubwa tambuu mbele ya wageni ni kumpiga kofi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa Huwaida baadaye, na ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwapo na ya pili: alipolisogeza jani mdomoni harufu ya tumbaku ilimfikia, na mkono ukamaliza kazi wenyewe. Alitafuna, na mate hakuyatema. Aliyameza.

Baada ya dakika kumi na tano ukumbi ulianza kuzunguka. Jasho la baridi lilimtoka kwenye paji la uso, mate yakajaa mdomoni, moyo ukapiga kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Alisimama, akafika kwenye beseni la kunawia, akatapika mara tatu mbele ya wote.

Bi Sundus, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemshika kichwa. Ndiye pia aliyeuliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Damu ya mwezi ilikuja lini, mwanangu?"

Huwaida hakuwa na nguvu za kutunga. "Imechelewa. Siku ishirini."

Wanawake walitazamana kama watu wanaojumlisha. Bi Nana alikuwa amesimama na mkasi wa popoo mkononi. Aliutua juu ya meza kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamsha mtoto.

"Alimpa kitu mkononi," alisema. "Wallahi alimpa kitu mkononi."

Ndoto, kutapika, kuchelewa. Kwa wanawake wale zilikuwa dalili tatu za jambo moja. Huwaida, aliyejua kwamba mbili zilitoka nyongani mwake na ya tatu ilitoka kwenye msiba na miaka arobaini na mitatu, alifuta kinywa kwa pindo la kanga. Kuitaja dawa ni kuitaja sigara.

Kuanzia siku ile Bi Nana hakutembea, alielea. Aliyekuwa akinusa chooni sasa alisimama nje ya mlango na taulo. Alimkataza wifi yake ngazi; darasa likahamishiwa juu, kisha likapunguzwa kuwa siku mbili kwa wiki. Alipika uji wa ngano kwa mkono wake. Jioni alikanda miguu badala ya mabega, na akiwa anakanda alizungumza na tumbo, si na mwenye tumbo.

"Ukiwa mume utaitwa kwa jina la babu yako. Ukiwa mke, jina sitakwambia, mamako atakataa."

"Wifi, huenda hakuna kitu."

"Kipo. Nimemlea Muhdhar tangu ana miaka minne. Hawezi kuondoka hivihivi asiniachie kitu."

Jambo moja zaidi Bi Nana alilitamka kama mtu anayesoma tangazo: eda ya mwenye mimba haina miezi minne na siku kumi. Inakwisha anapojifungua. Huwaida alifanya hesabu usiku huo huo, kwa sababu hesabu ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kutembeza. Siku mia moja na ishirini na nane zikageuka kuwa zaidi ya mia mbili na sitini. Alilala akitazama boriti za dari, moja moja, na ukuta wa chumba ukawa karibu zaidi.

Israa alileta kipimo. Mkojo, dakika tatu, mstari mmoja. Bi Nana alikitazama kwa dharau iliyokamilika.

"Kijiti hiki kilimwambia mtoto wa Bi Sundus hana kitu, akazaa mapacha."

Walipobaki wawili, Israa alimshika shangazi yake mkono. "Mwambie."

"Nikimwambia natoka humu na godoro langu, na watoto wanakwenda chuo kingine."

"Na usipomwambia?"

"Mwezi utaingia. Utakuja wenyewe, useme badala yangu."

Mwezi ulikuja siku ya arobaini na mbili, saa tatu asubuhi. Huwaida alitoka chooni amejiandalia maneno mafupi na uso wa masikitiko. Aliona kwamba amepona: jambo litakufa, eda itarudi kwenye hesabu yake, na siri itabaki nyuma ya sahani ya buluu. Alimwambia Bi Nana kwa utulivu.

Bi Nana aliketi kwenye kidato cha ngazi, pale pale aliposimama. Hakulia. Alitazama viganja vyake vyenye madoa ya popoo.

"Ni tambuu yangu," alisema. "Nilikulisha tumbaku. Ulitapika mbele ya mato yangu nami nikafurahi."

"Wifi, hapakuwa na mtoto."

"Usinifariji. Mtoto wa ndugu yangu nimemuua kwa mkono huu."

Aliinuka, akakichukua kijamanda, akapanda juu ya kiti akakiweka juu ya kabati, pahali ambapo yeye mwenyewe asingefika bila kiti. Kisha akarudisha kiti mahali pake.

Siku tatu zilizofuata Huwaida aliona ugonjwa anaoujua. Bi Nana aliamka kabla ya muezini na kuzunguka ukumbini. Kitwa, alisema, kitwa kinapasuka. Alimfokea muuza maji, akamfokea punda wa muuza maji. Alisahau chumvi, kisha akatia chumvi mara mbili. Mkono uliokuwa ukikunja jani la tambuu bila kutazama sasa ulikunja pindo la kanga, ukalikunjua, ukalikunja tena. Miaka arobaini ya tumbaku ilikuwa ikimdai, na hakuna aliyempa kibandiko. Hayo yote Bi Nana aliyapokea kama adhabu, na Huwaida, aliyekuwa amekaa mbele yake na miligramu ishirini na moja nyongani, alijua kwamba ni jambo la mwili tu. Alijua pia kwamba maarifa hayo yalikuwa yake peke yake. Wa kuyatoa alikuwa mmoja.

Siku ya arobaini na sita, saa nne na robo asubuhi, alilifunga komeo la mlango wa ukumbi kwa ndani. Bi Nana alikuwa akichambua mchele.

"Wifi, tazama hapa."

Akapandisha gauni upande mmoja, akashusha kanga ya ndani kidogo. Bi Nana alitazama kile kipande cha mraba.

"Una jeraha?"

"Ni dawa ya kuacha sigara."

Sauti ya mchele kwenye ungo ilikoma.

"Sigara za nani?"

"Zangu. Miaka kumi na saba. Kilichonitapisha ni dawa hii na tumbaku yako, vilikutana mwilini vikawa vingi. Israa alinikataza, nikatafuna. Ndoto ni ya dawa hii. Alichonipa Muhdhar mkononi nilikiona, nilikudanganya. Ilikuwa sigara. Hapakuwa na mtoto, wifi. Hukumuua mtu."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, kwa mpangilio, kama mwanafunzi anayesikilizwa alichohifadhi. Alipofika mwisho akagundua kwamba amesimama na gauni bado limeshikwa juu. Akalishusha.

Bi Nana alichukua punje moja nyeusi kwenye ungo, akaitupa. Akachukua ya pili.

"Naye alijua?"

"Ndiye aliyekuwa akinunua."

"Pakiti kila siku." Bi Nana alizungumza taratibu, akipanga. "Pakiti ya ishirini. Kila Idi nilimsema mbele ya watu. Nilimwita jiko la mkaa. Siku alipokufa nilimsema akiwa kwenye jeneza, Mungu anisamehe, nikasema zile ishirini za kila siku ndizo zilizomuua. Naye alikuwa akicheka tu." Akanyanyua uso. "Zako zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

Bi Nana alitoa kumi na moja kwenye ishirini kwa midomo, bila sauti. Kisha kwa sauti.

"Tisa?"

"Tisa."

"Alikuwa akivuta tisa tu."

Akauweka ungo chini. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa tumboni. Huwaida hakumsogelea. Hakujua kama ana ruhusa.

Mchana wake Bi Nana alipanda kiti, akakiteremsha kijamanda, akatengeneza tambuu yenye kila kitu chake, akatafuna. Hakumkaribisha mtu. Wanawake wa Alhamisi aliwaambia maneno mawili, kwamba Mungu hakuandika, na Bi Sundus alipofungua kinywa akamtazama mpaka akakifunga. Godoro lake lilibaki sakafuni kando ya kitanda. Lakini kuhusu sigara hakusema neno, wala kuhusu chuo, wala kuhusu nani atakaa katika nyumba ya wakfu eda ikiisha. Alimkanda mabega wifi yake jioni kama zamani, vidole vikifanya kazi yao na mdomo umefungwa. Huwaida alikaa chini ya vidole vile siku themanini na mbili akisubiri hukumu. Kukaa ndani kwa sababu ya sheria aliweza. Kukaa ndani ya kimya cha mtu mmoja kulikuwa kufinywa zaidi, na hakukuwa na kalenda yake.

Usiku ule wa siku ya arobaini na sita alikibandua kibandiko kabla ya kulala. Muhdhar hakuja. Hakuja tena.

Vibandiko vikubwa vilikwisha siku ya hamsini na nane, vya wastani siku ya sabini na mbili. Cha mwisho, kidogo kama kucha mbili, alikibandua asubuhi ya siku ya themanini na saba akakitia ndani ya pipa la taka, chini ya maganda ya ndizi. Mwezi mzima wa kwanza bila kitu mwilini alisomesha darasa akiwa na penseli katikati ya vidole, mpaka msichana mmoja akamuuliza kwa nini mwalimu anaivuta penseli. Wenzake walicheka. Bi Nana, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama, akamtazama Huwaida, akaendelea na ndoo yake.

Siku ya mia moja na ishirini na nane ilikwisha jua lilipozama. Asubuhi yake wanawake walikuja kumtoa edani. Walimketisha juu ya kigoda cha mbao, wakamtanda kanga, wakaleta maji yenye majani ya mrehani. Bi Sundus alinyanyua kata ya kwanza. Bi Nana aliichukua kutoka mkononi mwake.

"Huyu namwosha mimi."

Maji yalikuwa vuguvugu. Kanga ikalowa ikagandamana na mwili, na nyongani pakaonekana alama: miraba miwili myeupe upande mmoja, mitatu upande mwingine, pahali ambapo gundi iliichoma ngozi siku za joto na rangi ikawa haijarudi. Bi Sundus aliinama.

"Na hizi ni nini?"

Huwaida alitazama maji yanayokwenda kwenye tundu la sakafu.

"Joto," alisema Bi Nana, akaifunika nyonga kwa pindo la kanga kavu. "Ungekaa ndani siku zote hizo na unene wako, nawe ungetoka vipele. Nipe maji."

Wakacheka. Akapewa maji.

Alasiri, nyumba ilipopungua watu, Bi Nana alipanda juu na chetezo kilichojaa makaa. Akatia udi, kipande kikubwa kuliko ilivyohitajika, akazungusha moshi chini ya nguo mpya za wifi yake, kwenye nywele, kwenye mashuka. Ulikuwa udi wa kwanza chumbani humo tangu msiba. Moshi ulijaa mpaka boriti za dari zikawa hazionekani.

"Nimewaambia watoto waye Jumamosi," alisema akiwa na chetezo mkononi. "Wote. Siku tano kwa wiki, kama zamani." Akakitua chetezo sakafuni. "Nangoja tini, mlangoni. Twende kwa nduguyo, babake Israa, ukampe mkono. Usikae ndani humu ukageuka kasha."

Akateremka. Huwaida alibaki peke yake chumbani kwa mara ya kwanza tangu mumewe alipofariki. Hakuna pua duniani ambayo ingetofautisha kitu ndani ya moshi ule. Makaa yalikuwa mekundu kwenye chetezo, hatua moja kutoka miguuni pake. Akanyoosha mkono nyuma ya sahani ya buluu. Sigara ilikuwapo. Ilikuwa imekauka, tumbaku ilimwagika kidogo upande mmoja alipoiinua. Aliishika baina ya vidole viwili, pahali pake pa miaka yote, na vidole vikaijua.

"Wifi!" sauti ikapanda kutoka chini. "Nangoja! Waya au huyi? Au umezama tena?"

Huwaida akairudisha nyuma ya sahani, akaisogeza sahani mpaka ikakaa sawa, akachukua buibui lake.

Alishuka vidato kumi na tisa. Saa kumi na dakika arobaini Bi Nana alilivuta komeo, na mlango ukafunguka.